Kilichofichwa Ndani ya Kompyuta ya Nyumbani: Tukijue Kabla ya Kukifuta

Mapema mwaka huu tulifikiwa na familia moja ya Mkumbara, wilayani Korogwe, iliyofiwa na baba. Marehemu alikuwa muuza nafaka kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Katika miaka yake ya mwisho aliliacha daftari la madeni, akawa anaandika hesabu zake katika kompyuta ya nyumbani na kuweka nakala katika flashi. Baada ya maziko, jambo la kwanza walilolitafuta watoto wake ni orodha ile. Nani anamdai baba? Baba anawadai akina nani? Muislamu anajua kwa nini swali hilo halingoji: Sura An-Nisaa, katika aya ya 11, imeweka wasia na deni mbele ya mgawanyo wa mirathi, na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha uzito wa deni linalobaki shingoni mwa maiti.

Kompyuta yenyewe ilikuwa imetangulia kufa kabla ya mwenyewe, kwa hitilafu ya umeme, na diski yake ikaungua pamoja nayo. Ikabaki flashi. Vijana wakaipeleka steshenari, ikachomekwa. Majina ya folda yakaonekana yote kama baba alivyoyaandika, lakini kila folda ilikuwa na mshale mdogo pembeni, na ilipobofywa haikufunguka. Ulitokea tu ujumbe wa Kiingereza kwamba kitu fulani hakikupatikana. Wakaambiwa flashi imeliwa na virusi, humo hamna kitu tena, afadhali ifomatiwe ili wapate kuitumia kwa kazi nyingine. Walikuwa wamekwisha kukubali. Aliyewazuia ni binti wa marehemu, mwanafunzi wa sekondari, ambaye alitazama ule mduara wa rangi unaoonyesha nafasi ya flashi, akauliza: ikiwa ni tupu, mbona imeandikwa kwamba gigabaiti 3 zimetumika?

Swali lile ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Ndani ya kompyuta, kutoonekana ni jambo moja na kutokuwepo ni jambo jingine, na anayeyachanganya hupata hasara. Tumeona familia zikitupa kilichokuwepo kwa sababu hakikuonekana. Tumeona nyingine, zilipofundishwa namna ya kuonyesha vilivyofichwa, zikaingiwa na hofu zikafuta visivyofaa kufutwa. Na tumewasikia wazazi waliomshitaki mtoto wao kwa jambo ambalo kompyuta ililifanya yenyewe.

Kufichwa maana yake nini

Kila faili, pamoja na jina lake, ukubwa wake na tarehe yake, lina alama chache ndogo za ndiyo au hapana. Alama moja husema: usinionyeshe katika orodha. Nyingine husema: mimi ni mali ya mfumo unaoendesha kompyuta. Ni hayo tu. Faili halihamishwi, halifungwi kwa kufuli, wala halibadilishwi hata herufi moja. Linabaki pale pale lilipokuwa, ila kompyuta hulipita bila kulitaja, mpaka atakapotokea mtu wa kuiambia ilitaje.

Nyumba zetu zina desturi hiyo hiyo. Mgeni akikaribishwa barazani haonyeshwi stoo wala jiko, na hakuna mwenye akili anayedhani kwamba huko ndani kuna jambo la aibu. Amefichiwa kwa adabu, na pia kwa usalama, maana mtu asiyeijua stoo ya watu akiingia gizani anaweza kuangusha mtungi.

Desturi yenyewe ni kongwe kuliko wasomaji wetu wengi. IBM ilipoanza kuuza kompyuta yake ndogo mwaka 1981, mfumo wa DOS uliokuja nayo ulikuwa na mafaili mawili yaliyofichwa, IBMBIO.COM na IBMDOS.COM, na bila hayo mfumo haukuweza kuanza. Katika mfumo wa Unix, ambao ni wa kale zaidi, faili ambalo jina lake linaanza na nukta halionyeshwi. Rob Pike, mmoja wa wahandisi waliofanya kazi katika maabara za Bell ulikozaliwa mfumo huo, amepata kueleza kwamba kanuni hiyo haikukusudiwa: waandishi wa programu walitaka kuruka vitu viwili tu ambavyo majina yake ni nukta moja na nukta mbili, wakafanya njia fupi ya kuangalia herufi ya kwanza pekee, na toka hapo kila jina linaloanza na nukta likatoweka machoni. Simu za Android zilizomo mifukoni mwetu zimeirithi njia fupi hiyo, nasi tutaona baadaye jinsi inavyoweza kuzua ugomvi ndani ya nyumba.

Katika Windows, ambayo ndiyo iliyomo katika kompyuta nyingi za majumbani, pazia ni mbili. Pazia la kwanza hufunuliwa kwa urahisi: katika dirisha la mafaili unafungua menyu ya View, unaweka tiki kwenye Hidden items (katika Windows 11 unapitia kwanza neno Show). Vilivyofichwa vitajitokeza kwa rangi iliyofifia. Pazia la pili ni la mafaili yenye alama zote mbili, ya kufichwa na ya mfumo. Hilo hufunuliwa ndani ya Folder Options, na ukitaka kulifunua Windows hukuuliza kwanza kama kweli umekusudia. Tunashauri pazia hili la pili lifunuliwe kwa haja maalumu, kisha lirudishwe siku hiyo hiyo.

Vinavyokaa ndani

Anayefunua pazia kwa mara ya kwanza hushituka. Huona majina asiyoyajua, na baadhi ni makubwa ajabu. Kwa kuwa kompyuta nyingi za majumbani zimenunuliwa zikiwa zimekwisha tumika, na diski zake ni ndogo, kinachofuata ni tamaa ya kufuta ili kupata nafasi.

Mkubwa wa wote mara nyingi ni pagefile.sys. Kompyuta ina kumbukumbu ya muda, RAM, ambako kazi zote zinazoendelea huwekwa. Kumbukumbu hiyo ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya mizigo yake katika faili hili lililomo diskini, kama mfanyabiashara anayekodi ghala la jirani wakati wa mavuno. Kompyuta yenye RAM ndogo hulitegemea zaidi. Kwa hiyo wale wenye haja kubwa ya kupunguza mafaili ndio wanaolihitaji zaidi faili hili; ni kinyume, lakini ndivyo ilivyo.

La pili ni hiberfil.sys. Kompyuta ikilazwa usingizi ule mzito, yaani kuzimwa kabisa huku kazi zako zikibaki wazi, kila kilichokuwa katika RAM huandikwa katika faili hili, na ukiiwasha unakuta barua yako ilipoishia. Katika Windows 10 faili hili kwa kawaida huchukua kama asilimia 40 ya ukubwa wa RAM. Kompyuta yenye gigabaiti 8 italiwekea takriban gigabaiti 3. Sehemu ambako umeme unakatika bila taarifa, na kompyuta ni ya kupakata yenye betri iliyochoka, usingizi huu ni faida kubwa. Asiyeuhitaji na anayeitaka nafasi ile hana sababu ya kuhangaika kulifuta kwa mkono. Afungue dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, aandike powercfg /h off, na Windows yenyewe italiondoa. Akibadili nia ataandika on mahali pa off.

Folda iitwayo System Volume Information huonekana hata katika flashi, na huwatia watu wasiwasi kwa jina lake zito. Katika diski kuu ndimo zinamotunzwa kumbukumbu za kuirudisha Windows katika hali ya siku za nyuma ikiharibika. Iacheni. Faili la desktop.ini lina maelezo ya sura ya folda, na Thumbs.db lina picha ndogo ndogo za kuonjesha picha kubwa. Vifaili vinavyoanza na ~$ ni alama ambazo Word huziweka wakati hati imefunguliwa, kisha huziondoa. Zikisalia ni kwa sababu kompyuta ilizimika ghafla, na kuzifuta hakuna madhara ikiwa hati imefungwa.

Kisha ipo AppData. Folda hii iko ndani ya jina la kila mtumiaji, na humo programu huweka mipangilio na kumbukumbu zake: neno la siri ulilolihifadhi katika kivinjari, tovuti ulizozitembelea, rasimu za hati ambazo Word iliziokoa umeme ulipokatika. Tunaitaja peke yake kwa sababu tutairudia.

Watu wa Mkumbara wana mfano wao wa jambo hili, ingawa hautazamwi hivyo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati wa utawala wa Wajerumani, ilijengwa njia ya waya iliyoteremsha mbao za mwangati kutoka misitu ya Shume, juu ya milima ya Usambara, hadi Mkumbara inakopita reli. Aliyesimama stesheni aliona mbao zikishuka. Nguzo na mitambo ya huko juu hakuiona, na mzigo ulimfikia kwa sababu ya hiyo asiyoiona.

Dubu mdogo na habari za uongo

Mwaka 2001 ulizunguka duniani ujumbe wa barua pepe ukiwaonya watu kwamba kompyuta zao zina kirusi kiitwacho sulfnbk.exe, ambacho antivairasi haikioni. Ujumbe ulieleza kwa upole mahali pa kukitafuta. Watu walitafuta, wakakiona kweli, wakakifuta, kisha wakawatumia ndugu na marafiki zao ujumbe huo huo kwa nia njema. Mwaka uliofuata ukaja mwingine wa jdbgmgr.exe, faili ambalo alama yake ilikuwa picha ya dubu mdogo wa kuchezea, na picha hiyo ilionekana kuwa ushahidi tosha: kitu gani halali kingekaa ndani ya Windows kwa sura ya dubu?

Yote mawili yalikuwa mafaili halali ya Windows. La kwanza lilikuwa chombo cha kuokoa majina marefu ya mafaili, na la pili lilitumiwa na waandishi wa programu za Java. Yalikuwemo katika kompyuta za watu kwa sababu Windows ilikuja nayo. Hapakuwa na kirusi chochote. Kirusi kilikuwa ule ujumbe, na aliyeusambaza ni binadamu mwenyewe kwa mkono wake.

Tunalikumbusha jambo hili la zamani kwa sababu mbinu yake haijazeeka. Leo inapita katika makundi ya WhatsApp ya familia na ya misikiti. Aya ya 6 ya Sura Al-Hujurat imetuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Anayekuagiza ufute faili usilolijua amekuletea habari. Andika jina la faili hilo katika mtandao, usome wanavyosema watengenezaji wa mfumo na wa antivairasi, ndipo uamue. Dakika kumi zinatosha.

Virusi vinavyoficha mali ya watu

Sasa tuirudie flashi ya Mkumbara, kwa maana hapa ndipo penye hasara kubwa katika miji yetu midogo. Flashi moja hutoka nyumbani ikaenda steshenari kuchapa barua, ikaenda shuleni na mtihani, ikaenda Mombo au Korogwe mjini na fomu za maombi ya chuo, ikarudi nyumbani. Imeshikana mikono na kompyuta kumi katika mwezi mmoja.

Aina moja ya virusi imeijua safari hiyo. Ikiingia katika flashi haifuti kitu. Huzipa folda zako zile alama mbili tulizozieleza, ya kufichwa na ya mfumo, zikatoweka nyuma ya pazia la pili. Mahali pake hutengeneza njia za mkato zenye majina yale yale, na ndiyo maana ya ule mshale mdogo pembeni. Ukibofya mshale, kirusi hukimbia kwanza, kisha hukufungulia folda yako halisi ili usishuku lolote. Kompyuta imekwisha kuambukizwa nawe unaendelea na kazi. Kuna vingine ambavyo hukusanya mali yako yote ndani ya folda moja iliyofichwa na isiyo na jina linaloonekana. Virusi vya ukoo wa Andromeda, vinavyoitwa pia Gamarue, vilijulikana kwa tabia hiyo, na viliunganisha kompyuta nyingi sana duniani kuwa jeshi la wahalifu, mpaka Novemba 29, 2017, FBI ya Marekani, Europol na washirika wao walipouvunja mtandao ule.

Na kwa nini njia za mkato za marehemu hazikufunguka? Kwa sababu kompyuta ya steshenari ilikuwa na antivairasi, ikakiua kirusi mara flashi ilipochomekwa. Mishale ikabaki inaelekeza kwa mtu aliyekwisha kufa. Folda za baba zilikuwemo muda wote, zimekaa kimya nyuma ya pazia. Kosa la aliyewashauri lilikuwa moja tu, nalo ni la haraka: aliona mlango haufunguki akasema nyumba imebomoka.

Njia iliyotumika kuzirudisha ni hii, nasi tunaieleza kwa urefu kwa kuwa ni haba kwa familia kukosa haja nayo. Kwanza flashi haikubofywa wala kuandikwa kitu. Ilichomekwa katika kompyuta yenye antivairasi iliyosasishwa, ikapekuliwa yote. (Windows 10 na 11 zina antivairasi yake ya ndani, na kwa kazi hii inatosha ikiwa imesasishwa.) Kisha ikatazamwa herufi ambayo kompyuta imeipa flashi, tuseme ni E. Likafunguliwa dirisha la amri, likaandikwa neno hili:

attrib -h -s -r /s /d E:\*.*

Maana yake si uchawi. Neno attrib ni la kuweka na kuondoa zile alama. -H huondoa alama ya kufichwa, -s huondoa alama ya mfumo, -r huondoa alama ya kutobadilishwa. /S huagiza kuingia mpaka ndani kabisa, na /d huagiza folda nazo zihusishwe. Herufi ndiyo ya kuangaliwa mara tatu. Amri hii ni ya flashi. Mtu asiiandike kamwe kwa herufi C, ambako Windows inaishi, kwani ataziondolea alama zote zile zilizowekwa kwa hekima.

Baada ya dakika chache folda zikarudi. Mishale ikafutwa. Hati zikanakiliwa mahali pawili palipo safi, na hapo ndipo flashi ikafomatiwa, maana kufomati ni hatua ya mwisho. Orodha ya madeni ilikuwemo, na tumeambiwa kwamba mmoja wa wadai waliotajwa humo ni mtu ambaye hakuwahi kuja kudai.

Kwa wanaoendesha steshenari tunaongeza neno moja. Ukisafisha flashi ya mteja ilhali kompyuta yako mwenyewe ina kirusi, flashi itaambukizwa tena kabla hajalipa. Anzeni kwa kompyuta. Microsoft iliacha zamani ule mtindo wa Windows kuendesha programu ya flashi yenyewe mara inapochomekwa. Marekebisho ya Februari 2011 yaliufunga hata katika Windows XP na Vista. Tangu hapo virusi vya flashi vinahitaji mkono wa mtu ubofye, na mkono huo mara nyingi ni wa mwenye duka.

Kuna kificho kingine kidogo ambacho Windows hukifanya kwa wema lakini kinawafaa wabaya. Huificha sehemu ya mwisho ya jina la faili, zile herufi zinazotaja aina yake. Mei 4, 2000, dunia ililipishwa kwa kificho hicho: kirusi kilichotoka Ufilipino kilifika katika barua pepe kikijiita LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, na watu wengi waliona jina linaloishia TXT wakadhani ni maandishi tu. Katika menyu ile ile ya View kuna tiki ya File name extensions. Hiyo tunashauri ibaki imewekwa siku zote, ili picha iitwayo picha.jpg.exe ionekane kwa jina lake kamili.

Wala si wahalifu pekee wanaoficha. Oktoba 31, 2005, mtaalamu Mark Russinovich alitangaza kwamba baadhi ya santuri za muziki za Sony BMG zilikuwa zikiweka kwa siri, ndani ya kompyuta za wanunuzi, programu iliyoficha kila kitu ambacho jina lake linaanza na $sys$. Lengo lilikuwa kuzuia kunakili muziki. Waandishi wa virusi waligundua upesi kwamba nao wakianza majina yao hivyo watapata maficho ya bure. Mwezi uliofuata kampuni ikaziita santuri zile zirudishwe, na kesi zikafuata. Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya kila kilichofichwa ni nani aliyekificha, na kwa faida ya nani.

Baba, mama na mtoto

Swali hilo hilo tungependa liulizwe kwa utulivu mzazi anapokuta kitu kilichofichwa katika kifaa cha mwanawe.

Mfano ulio karibu ni wa simu. WhatsApp katika Android huhifadhi picha na video za hali ambazo mtu amezitazama, ndani ya folda iitwayo .Statuses, yenye ile nukta mwanzoni. Baba anayefunua vilivyofichwa anakuta picha ambazo hakuzitarajia, tena katika folda ya siri. Kwa haki ya mambo, folda ile haikufichwa na kijana. Imefichwa na programu, nayo hujisafisha yenyewe baada ya muda. Picha ilitumwa na mmoja wa watu walio katika orodha ya simu yake, naye akaipitia kama anavyozipitia nyingine. Huenda kuna mazungumzo ya kufanywa kuhusu watu hao. Lakini shitaka la kuficha halipo. Katika kompyuta ya familia hali ni hiyo hiyo: ndani ya AppData kivinjari huweka vipande vya picha kutoka kila ukurasa uliofunguliwa, pamoja na matangazo ambayo hakuna aliyeyaomba.

Aya ya 12 ya Sura Al-Hujurat imekataza dhana mbaya na imekataza kupelelezana. Wapo watakaosema kwamba mzazi ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na hilo ni kweli. Hatuoni mgongano. Mchunga husimama mahali anapoonekana na kundi lake. Kompyuta ikae sebuleni. Mzazi amweleze mtoto waziwazi kwamba ataikagua, kisha aikague akiwa naye. Programu za upelelezi zinazofichwa ndani ya simu ya mtoto hatuzipendekezi. Zinamfundisha kwamba anayependwa hufuatwa gizani, na nyingi zinatumwa na watu tusiowajua, zikipeleka picha za watoto wetu kusikojulikana.

Jambo la manufaa zaidi ni kumpa kila mtu jina lake katika kompyuta. Baba awe na akaunti ya msimamizi, watoto wawe na akaunti za kawaida. Mwenye akaunti ya kawaida akijaribu kufuta kitu cha mfumo, Windows humwomba neno la siri la msimamizi, na hapo udadisi wa mtoto wa miaka kumi na miwili hukomea mlangoni bila madhara. Udadisi wenyewe usiuawe. Binti wa Mkumbara aliuokoa mwandiko wa baba yake kwa udadisi.

Wapo pia watu wazima wanaoficha folda kwa kuiwekea alama wakidhani wameifungia. Hati za shauri la ndoa, picha za mke bila hijabu, mishahara ya wafanyakazi: vyote vimo katika folda yenye alama ya kufichwa, na mwenyewe analala usingizi. Alama ile ni pazia la kitambaa. Yeyote anayejua tiki moja katika menyu ya View ameingia. Picha za sitara zisikae kabisa katika flashi inayopelekwa steshenari, na hati za siri zifungwe kwa neno la siri. Word yenyewe inaweza kuifungia hati, mtu akichagua hivyo anapoihifadhi.

Limebaki la kompyuta inayotoka nyumbani. Siku hizi, alhamdulillah, wengi hutoa kompyuta zao kuukuu sadaka kwa madrasa au kuziuza kwa jirani. Hufuta folda za Documents na Pictures, wakaona wamemaliza. AppData imebaki, na ndani yake maneno ya siri ya barua pepe, tovuti zilizotembelewa na rasimu za hati. Kapu la taka nalo ni folda iliyofichwa, $Recycle.Bin, na kilichofutwa kinaweza kuwa bado kimo humo. Katika mipangilio ya Windows 10 na 11 ipo sehemu ya Reset this PC. Nenda huko, chagua kuondoa kila kitu, kisha chagua pia kuisafisha diski. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, kwa hiyo ianzeni asubuhi umeme ukiwa imara na chaja ikiwa imechomekwa, na nakala za hati zenu ziwe zimekwisha kutolewa, kwa kuwa baada ya hapo hakuna attrib itakayozirudisha.